Nisikie Nini?

Kabati la vyombo katika sebule za pwani lina sheria zake. Vikombe vya maua vyenye mstari wa dhahabu haviguswi na wenye nyumba. Birika la wageni husubiri posa au hitima. Sinia kubwa hutoka Idi hadi Idi, na likirudi hupanguswa mpaka mtu ajione sura. Katika nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zile zinazoitwa kwa namba, niliona ndani ya kikombe cha wageni kitu ambacho hakikuwa cha chai: kifaa cha kusikilizia, kile ambacho vitabu vya shule hukiita shimesikio na wenye nyumba ile wanakiita mashine tu. Kilikuwa na rangi ya ngozi, lakini si ngozi ya mtu yeyote wa mtaa ule. Mrija wake ulikuwa umegeuka manjano, kijumba cha betri kimeachwa wazi, na pembeni yake pamewekwa kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu kinachotoka kwenye boksi la viatu vipya, maana hewa ya Tanga ina chumvi na watu wake wana jasho, na mashine haipendi vyote viwili. Mwenye kifaa alikuwa nje, barazani, mbele ya bao, amewapa mgongo watu wote wa ndani. Nikaambiwa huvaa wakija wageni. Kumbe mashine nayo imeingia katika sheria za kabati, ni ya kutolewa kwa heshima ya watu wengine.

Mzee yule alimalizia ujana wake kwenye korona. Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa. Kwa wengine, korona ni ule mtambo mkubwa wa shamba la mkonge unaopokea majani mabichi upande mmoja, ukayaponda na kuyakwangua, ukatoa singa upande wa pili na maji ya kijani yenye harufu kali chini yake. Mkonge wenyewe ulifika nchini mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalimika katika safari ya kutoka Florida kupitia Hamburg kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye ukaitwa dhahabu ya kijani. Tani za singa zilihesabiwa, bei ya Ulaya ilihesabiwa, mabogi ya reli yalihesabiwa. Masikio hayakuingia kwenye hesabu. Wanaume walizungumza kwa mikono siku nzima, wakirudi nyumbani wanapiga kelele, wake zao nao wakajifunza kujibu kwa kelele, na watoto wakakua wakidhani ndivyo baba anavyozungumza. Ndani ya sikio, katika kile kijumba kilichojiviringa, mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Tunazaliwa nazo na hatuongezewi. Kuku akiharibikiwa na za kwake huota upya; binadamu anayemchinja kuku huyo hana bahati hiyo. Kelele ya leo huua chache, ya kesho chache, na hakuna damu wala maumivu ya kumwambia mtu akae kando.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, na hapo ndipo upungufu huu unapokuwa na hila. Irabu ni nene, hubaki. Konsonanti za s, t, f, ch na sh ni nyembamba, huondoka bila kuaga. Ndiyo maana anayepoteza usikivu wa uzeeni hasemi kwamba hasikii. Husema anasikia, ila siku hizi nyie vijana mnamung'unya maneno. Wala hadanganyi. Mtajie elfu sitini, kisha mtajie elfu tisini: irabu ni zile zile, i tatu zikifuatana, na kinachotenga bei hizo mbili ni konsonanti mbili zilizopishana nafasi. Katika Soko la Mgandini mchuuzi mwenye sikio la namna hiyo anaweza kupoteza elfu thelathini na asiwepo mwizi wa kukamatwa. Mtu akisema “nipe kisu”, yeye hupata “nipe kitu”, naye huuliza kitu gani. Na yule aliyeomba, mkono mmoja umemshika samaki, huona amejibiwa kijeuri. Nyumba nyingi zina ugomvi wa miaka uliojengwa juu ya konsonanti.

Na sisi tuna methali tayari za kumhukumu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Hizi zilitungwa kwa ajili ya wakaidi, lakini nyumbani hatuna subira ya kumtenga mkaidi na kiziwi. Mtoto asiyeitika huchapwa. Mzee asiyeitika hutetwa mbele yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa inajulikana hasikii. “Huyo? Mtajie pesa uone.” Watu wakacheka. Ni kweli kwamba mara nyingine husikia lile ambalo hukulikusudia, na asisikie lile ulilolirudia mara mbili. Sikio lenye upungufu huishi kwa kubahatisha: hushika vipande, likaviunga kwa mdomo wa msemaji, kwa mwanga uliopo, kwa mada inayojulikana, kwa saa ya siku. Neno linalotarajiwa huokotwa. Neno lililokuja ghafla, kutoka nyuma, huanguka chini. Kazi hiyo ya kuunga huchosha, na ifikapo jioni mtu huacha kuunga. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema “eeh”. Hilo “eeh” la wazee wetu tumeliona ni ukubali kwa muda mrefu mno.

Katika historia ya vifaa hivi kuna kioja kimoja kinachonipendeza kuliko ugunduzi wote. Mwaka 1819 fundi wa London, F. C. Rein, alimtengenezea Mfalme João wa Sita wa Ureno kiti cha enzi cha kusikilizia. Mikono ya kiti ilikuwa na mvungu, na ncha zake zimechongwa vichwa vya simba vilivyoachama. Aliyetaka kusema na mfalme alipiga magoti mbele ya kiti, akasogeza mdomo kwenye kinywa cha simba, akasema. Sauti ikapita ndani ya mikono ya kiti, ikapanda kwa mrija hadi sikioni mwa mfalme. Huku kwetu tuna siwa, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, zilizotengenezwa ili pumzi ya mtu mmoja iufikie mji mzima. Kiti cha João ni siwa iliyogeuzwa, mji mzima ukaletwa kwenye sikio la mtu mmoja. Lakini jambo ninalolitafakari ni yale magoti. Mvungu na mrija huongeza sauti kwa kiasi tu. Kazi kubwa ilifanywa na sharti: msemaji alilazimika kuja, akaribie, amkabili mfalme, aseme neno moja moja. Hakuna aliyethubutu kumwita João kutoka jikoni huku bomba la maji limefunguliwa.

Tangu hapo ufundi umekwenda njia nyingine. Transista ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1947, vifaa vya kusikilizia vilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kabisa kuuzwa zikiwa nayo ndani, miaka mitano au sita baadaye. Mashine iliyofungwa kiunoni na waya wake ikapanda kifuani, kisha ikakaa nyuma ya sikio, kisha ikaingia ndani ya tundu lenyewe hata isionekane. Huo ni ushindi wa kweli na siubezi. Ila kadiri kifaa kilivyopungua, ndivyo msemaji alivyojipa ruhusa ya kubaki alipo. Si amevaa mashine? Basi atasikia. Nami naona hapo ndipo kosa letu linapoanzia, kwa sababu kifaa hicho, hata kile cha mamilioni ya shilingi, hufanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa hatua moja au mbili mbele ya mwenye kukivaa, uso kwa uso. Zaidi ya hapo ukuta, bati na feni huanza kusema kwa sauti moja na binadamu.

Watu wakiuliza ni umri gani unaoridhika na vifaa hivi, jibu hutafutwa kwenye kifaa. Mimi nadhani litafutwe kwa waliomzunguka mvaaji. Anza na mtoto mchanga. Yeye hajui kwamba ana kifaa. Anajua kwamba mama amemvisha kitu, na vitu vyote vilivyoumbwa ni vya kutafunwa. Hukivuta, hukiramba, hukitupa kwenye uji. Saa zake za kusikia ni saa za subira ya mama yake. Vifaa vya siku hizi huandika vyenyewe ndani kwa ndani vimevaliwa saa ngapi, na mtaalamu wa usikivu akiviunganisha na kompyuta, mara nyingi saa zinazoonekana ni chache kuliko alizozitaja mzazi. Nami simwiti mzazi huyo mwongo, maana ametaja saa alizozipigania. Tena sikio la mtoto hukua. Kile kizibo kilichochongwa kwa kipimo chake hulegea baada ya miezi, sauti ikavuja, ikarudi kwenye kipaza sauti, na mashine ikaanza kupiga mluzi. Mluzi huo humkera kila mtu ndani ya basi, lakini ndio unaomwambia mama kwamba mwanawe amekua na safari ya hospitali imefika tena, pamoja na nauli yake. Shirika la Afya Duniani linasema upungufu wa usikivu wa watoto ungeweza kuzuiwa kwa takriban asilimia 60: usaha wa sikio unaoachwa ujikaukie wenyewe, surua, homa ya uti wa mgongo, dawa kali zilizotolewa bila kupimwa. Hujafa hujaumbika, tunasema, na tukisema hivyo huwa tunamwachia Mungu hata yale ambayo zahanati ingeyamaliza.

Akifika shule, mtoto huyo hukaa darasa la watoto sabini chini ya bati, na mvua ya masika ikianza, hata mwalimu mwenyewe hajisikii. Humo ndani mwenye kifaa na asiye nacho huwa sawa kwa nusu saa, na labda ndiyo nusu saa yake ya furaha.

Kisha huja kidato cha pili, na kifaa huanza kuwa na macho. Si macho yake. Macho ya wenzake. Msichana mwenye hijabu ana stara ambayo mvulana hana: nguo hufunika sikio, darasa lisijue, ingawa kitambaa kikisugua kipaza sauti husikika ndani ya kichwa chake mchakacho unaofunika maneno ya mwalimu. Amefichwa, na amelipia kufichwa huko. Mvulana hana pa kuficha, kwa hiyo anakivua getini na kukitia mfukoni, na mchana kutwa anasoma midomo. Ajabu iko kwenye daladala ya kurudi nyumbani. Humo kila kijana amechomeka kitu masikioni, cheupe, kinaonekana toka mbali, kimenunuliwa kwa kudunduliza, na wala haitwi kiziwi, anaitwa mjanja. Kelele inayomiminwa humo ndani ndiyo korona ya kizazi hiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na linakadiria vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kwa namna wanavyosikiliza. Mwezi Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayozifanya AirPods Pro, mojawapo ya vile vyeupe vya masikioni, kuwa kifaa cha kusikilizia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Kitu kile kile, sikio lile lile. Aibu haikuwahi kuwa kwenye plastiki; ilikuwa kwenye maana tuliyoipachika, na maana hubadilika kampuni yenye jina ikiamua.

Mtu mzima wa makamo, aliye kazini, hana nafasi ya falsafa hizi. Mwalimu, dereva, karani wa benki, muuza duka, hukivaa kwa sababu mkate wake uko kwenye neno la mtu mwingine. Huridhika nacho kadiri kinavyomtofautishia sitini na tisini, na siku betri ikimwishia katikati ya mkutano hukiona msaliti. Betri zenyewe ni vidonge vidogo vyenye karatasi ya rangi juu. Ukiibandua, hewa huingia kwa vitundu na betri huanza kuliwa, uivae usiivae, na wiki moja au mbili baadaye imekwisha. Mjini hupatikana. Ukienda Handeni vijijini au Mkinga, uulize duka la dawa, utaonyeshwa betri za tochi.

Narudi kwa wazee, maana ndio wengi. Zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 duniani wana upungufu unaowatatiza, na wengi hungoja miaka na miaka kabla ya kupimwa. Sikio halilali na njaa, wahenga walisema, lakini sikio la mzee wa korona limelala na njaa tangu wajukuu wake hawajazaliwa, na ubongo umezoea mlo mdogo. Siku mashine inapowashwa ni sawa na mtu aliyefunga siku nyingi kutengewa pilau la arusi: tumbo linakataa. Vyote vinapakuliwa pamoja, feni, kijiko kikigonga kikombe, ndara zinazoburuzwa, mfuko wa plastiki, jogoo wa jirani, na sauti yake mwenyewe ikivuma ndani ya fuvu. Sisi wenye masikio mazima tunajigamba kwamba kelele za mlango hazituwasi usingizi. Hatujui kwamba kutowaswa huko ni kazi ya ubongo uliojifunza tangu utotoni kipi cha kupokea na kipi cha kuacha nje. Mashine haijui mlango wala mtoto, inaongeza vyote. Mzee anahitaji wiki, pengine miezi, avae kidogo kidogo, arudi kwa mtaalamu, sauti ipunguzwe huku na kuongezwa kule. Wengi hawarudi. Wako waliopata vifaa vyao siku ya kambi ya madaktari, wakapimwa asubuhi, wakapigwa picha mchana wakitabasamu, na jioni kambi ikang'oa mahema.

Lakini hata hayo yote hayamwelezi mzee wa Ngamiani, kwa sababu yeye alirudi, alirekebishiwa, na mashine yake ni nzima. Mjukuu wake wa kike, aliyemzoea kuliko wote, alimwendea barazani akamgusa bega, akamwambia kwa upole na kwa sauti, “Babu, mbona huvai mashine yako?” Mzee akamaliza kwanza kusambaza kete zake. Kisha akamjibu bila hasira: “Nisikie nini, mjukuu wangu?”

Nimelizungusha swali hilo kichwani mpaka likanikaa. Nikapiga hesabu ya maneno anayoambiwa ndani ya nyumba ile. Babu, kula. Babu, dawa. Babu, sogea nipite. Shikamoo za watoto anazijua kwa midomo, na marahaba humtoka kabla hazijaisha. Televisheni imewashwa tangu adhuhuri na hakuna anayeitazama. Kila mmoja ameinamia simu yake, na anayecheka anacheka na mtu aliye Dar es Salaam au Muscat. Maneno matatu hayahitaji kifaa cha umeme. Ukimpeleka msikitini, spika za hotuba zinagonga kuta na kurudi, mashine ikimwongezea mwangwi tu, kwa hiyo huivua na kuomba Mungu ambaye hahitaji kusikizwa kwa sikio. Arusini, taarabu humfikia imepinda, kwani mashine ilitengenezwa kwa ajili ya maneno, si fidla. Ila tazama pale kwenye bao. Bao ni mchezo wa macho, na kete zikidondoka shimoni huzisikia kwa vidole. Wenzake, wazee wa umri wake, nao masikio yao si ya kutegemewa, wamezoea jambo moja bila kufundishwa na mtu: anayetaka kumwambia neno humgusa goti kwanza, akangoja ageuke, ndipo aseme. Pale hukaa mpaka magharibi na hana upungufu wowote.

Wataalamu wana namna yao ya kuuliza kama mtu ameridhika. Mwaka 2000 Robyn Cox na wenzake kutoka nchi mbalimbali walichapisha maswali saba mafupi, yakatafsiriwa kwa lugha nyingi, na hadi leo ndiyo kipimo kinachotumiwa na wengi. La kwanza linauliza, katika wiki mbili zilizopita, kwa siku ya kawaida, ulikivaa kifaa saa ngapi: hata kidogo, chini ya saa moja, saa moja hadi nne, nne hadi nane, zaidi ya nane. Mengine yanauliza kimekusaidia kiasi gani, taabu gani imebaki, kimestahili usumbufu wake au la, maisha yamekuwa matamu zaidi au hapana. La sita ndilo linalonigusa: linamwuliza mvaaji anadhani watu wengine walisumbuliwa kiasi gani na shida yake ya kusikia. Ni swali la haki, maana wengi huvaa kifaa ili wasiwe mzigo, na mzee wa kikombe cha wageni ni mmoja wao. Tena watafiti wengi wameliona jambo hili hili: mwenye mke, mume au watoto wanaomshika mkono katika safari hiyo huvaa zaidi na hulalamika kidogo. Lakini katika maswali yote saba anayejaza karatasi ni mwenye sikio. Mdomo haukuulizwa kitu.

Dunia ina watu zaidi ya bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Ndivyo ilivyoandikwa katika ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu usikivu, iliyotolewa tarehe 3 Machi 2021. Kati ya wanaohitaji vifaa, wanaovitumia ni kama asilimia 17. Bei ni kikwazo cha kweli, na wataalamu ni wachache, na sitaki mtu asome haya akadhani nasema upendo utachukua nafasi ya mashine. Mashine inatakiwa, na kwa bei ambayo mstaafu wa mkonge anaimudu. Ila sikiliza pia hili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliwafuata wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu, wengine wakipewa vifaa na mafunzo ya kusikia, wengine mafunzo ya afya tu, ili ionekane kama kusikia huikinga akili isizorote. Kwa jumla yao, tofauti haikuonekana. Kwa wale waliokuwa na hatari zaidi tangu mwanzo, kuzorota kulipungua kwa asilimia 48, na hilo ndilo lililoshika vichwa vya habari. Baadaye watafiti wale wale wakaangalia jambo jingine, la urafiki: waliopata vifaa, baada ya miaka mitatu, walikuwa wamebaki na mtu mmoja zaidi wa kushirikiana naye kuliko wenzao. Mtu mmoja. Wako watakaoiona hesabu hiyo ndogo kwa fedha iliyotumika. Mimi, nikifikiria baraza la Ngamiani, naiona ni kubwa, maana kwa umri ule kila mwaka huchukua wawili watatu, na anayeongezwa hatoki hospitali.

Ndiyo maana ningependa karatasi ile ya maswali saba iongezwe la nane, nalo wasipewe wazee. Apewe mtoto wa mzee, mkwe wake, mjukuu mwenye simu mkononi, na mama wa yule mvulana wa kidato cha pili, na mwalimu wake. Katika wiki mbili zilizopita, kwa siku ya kawaida, ulikaa mbele yake ukazungumza naye saa ngapi, kuzungumza hasa, pasipo kumtuma wala kumwambia ale? Majibu yawe yale yale: hata kidogo, chini ya saa moja, saa moja hadi nne, nne hadi nane, zaidi ya nane. Msomaji, zima hiyo televisheni kwanza, halafu jaza la kwako.